Lishe ya mgonjwa wa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana: mwongozo kamili kwa anayemuuguza

Tarehe ya upasuaji ikishatajwa, nyumbani huanza hesabu za fedha, za watu wa kuchangia damu na za nani atakwenda hospitali zamu ya usiku. Chakula hukumbukwa mwisho, pengine jioni ile muuguzi anaposema "kuanzia saa fulani asile kitu." Wakati huo umeshachelewa. Daktari anapokata kipande cha utumbo chenye uvimbe na kuziunganisha ncha mbili zilizobaki, mshono ule wa ndani hupona kwa protini ambayo mgonjwa alikuwa nayo mwilini tangu kabla ya kupasuliwa. Aliyeingia amekonda sana yuko hatarini zaidi kupata usaha kwenye kidonda, mshono kuvuja na kukaa wodini muda mrefu. Kwa hiyo lishe yake ianze siku ile anapopangiwa upasuaji, hata kama zimebaki wiki mbili tu.

Kwanza, mpime

Tafuta namba tatu: uzito wa leo, uzito wake wa kabla ya kuugua (kadi za zamani za kliniki husaidia, na hata mkanda wa suruali uliorudishwa matundu matatu ni ushahidi), na urefu. BMI ni uzito kwa kilo ukigawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe.

Tuchukue mgonjwa wa mita 1.65 aliyekuwa na kilo 62, na miezi mitano baadaye ana kilo 54. BMI yake ni 19.8. Amepoteza kilo 8 kati ya 62, yaani asilimia 13. Sasa mpe alama. BMI ya 18.5 hadi 20 ni alama 1, chini ya 18.5 ni alama 2. Kupungua asilimia 5 hadi 10 bila kukusudia katika miezi 3 hadi 6 ni alama 1, zaidi ya 10 ni alama 2. Huyu wetu ana 3. Kuanzia alama 2 mgonjwa yuko kwenye hatari kubwa na anatakiwa aonwe na mtaalamu wa lishe kabla ya upasuaji. Usingoje uambiwe. Nenda kliniki na hesabu hiyo kwenye karatasi, useme, "Amepungua asilimia 13."

Kama hawezi kusimama kwenye mizani, mpime mkono wa kushoto katikati ya ncha ya bega na kiwiko. Mzunguko ulio chini ya sentimita 23.5 unaashiria BMI iko chini ya 20. Angalia pia miguu: ikivimba kwa maji, mizani inadanganya, nawe utafurahia kilo ambazo hazipo.

Mgonjwa aliyepungua zaidi ya asilimia 10 hadi 15 katika miezi sita, au mwenye BMI chini ya 18.5, huenda daktari akausogeza upasuaji mbele siku 7 hadi 14 ili kwanza alishwe. Ndugu wengi hulalamika hapo, wakiona saratani inapewa nafasi ya kuenea. Kwa mgonjwa kama huyo wiki hizo mbili zina faida kuliko hasara, ilimradi zitumike kumlisha kweli na si kungoja tu.

Lengo la siku

Kwa kila kilo ya uzito anahitaji kalori 25 hadi 30 na protini gramu 1.2 hadi 1.5. Mgonjwa wetu wa kilo 54 anahitaji kalori 1,350 hadi 1,620, na protini gramu 65 hadi 81. Kalori hupatikana bila shida kubwa. Protini ndiyo inayoshinda nyumba nyingi, kwa sababu sahani imejaa wanga na kitoweo ni kidogo. Haya ndiyo makadirio ya kubeba kichwani:

- yai 1: gramu 6
- maziwa au mtindi, glasi ya mililita 250: gramu 8
- samaki au kuku aliyepikwa, bila mifupa, gramu 100 (kama kiganja bila vidole): gramu 22 hadi 28
- karanga zilizosagwa, vijiko 2 vya chakula: gramu 7 hadi 8
- maharage yaliyoiva, kikombe 1: gramu 15
- dagaa wakavu, gramu 30: gramu 15 hadi 18

Siku yenye bakuli la uji ulioongezwa nguvu asubuhi (gramu 22), mayai mawili saa nne (12), wali na samaki mchana (26), glasi ya mtindi saa kumi (8) na mtori wenye nyama iliyosagwa usiku (16) inafika gramu 84 na kalori kama 1,700. Maziwa ya kabla ya kulala ni akiba, kwa sababu lazima kuna kitu atakiacha njiani. Usipike milo mitatu mikubwa. Mwenye uvimbe tumboni hushiba upesi; mpe mara sita kidogo kidogo, na maji anywe baada ya chakula, yasije yakajaza tumbo kabla.

Uji, kwa kina

Uji unastahili nafasi yake kwa sababu ndio mlo ambao mgonjwa hukataa mwisho, na ndio unaoharibiwa zaidi. Unga mwingi unafanya uji mzito usiomezeka. Ukiupunguza, mgonjwa anakunywa maji yenye rangi.

Kwa bakuli moja: koroga vijiko 4 vya chakula vya unga (gramu 40 hivi) katika mililita 200 za maji baridi mpaka mabonge yaishe. Bandika, koroga hadi uchemke, uache uive dakika 10 hadi 15. Tia maziwa mililita 250, uchemke tena kidogo. Epua, kisha ndipo utie vijiko 2 vya karanga zilizosagwa laini, kijiko 1 cha maziwa ya unga na sukari. Karanga zikitiwa mapema uji hushika chini ya sufuria. Chagua karanga vizuri: zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu zitupwe, maana sumu kuvu haiishi kwa kukaanga.

Ukitaka kuongeza unga bila uji kuwa mzito, tumia kimea cha ulezi au mtama, kile kile cha togwa. Acha uji upoe mpaka kidole kivumilie, tia kijiko 1 cha chai cha kimea, koroga. Ndani ya dakika chache uji uliokuwa umesimama utalegea na kuwa mwepesi, na kalori zake zimebaki zile zile. Uchemshe tena kabla ya kumpa, kuua vijidudu vya kimea. Ukikitia kimea kwenye uji unaotokota hakifanyi kazi, kwa sababu moto umeua kilichomo.

Vinavyopoteza siku

Supu ya kongoro ndiyo inayoongoza. Inaletwa wodini kwenye chupa ya chai, mgonjwa anakunywa mchuzi, nyama inarudi nyumbani na aliyeileta. Protini iliyomo kwenye mchuzi ni kidogo, na nyingi ni ya aina duni ya ngozi na kano. Mpe mchuzi kama anaupenda, una chumvi na unafungua hamu ya kula, lakini isage nyama laini na umrudishie ndani ya ule mchuzi.

Rozela na juisi ya bitiruti hazitibu upungufu wa damu. Uvimbe wa utumbo huvuja damu polepole kwa miezi, hivyo chuma mwilini huisha. Hemoglobini chini ya 13 kwa mwanamume au chini ya 12 kwa mwanamke inahitaji dawa. Vidonge vya chuma vimezwe na maji ya machungwa, mbali na chai, kahawa na maziwa kwa saa moja au mbili. Kinyesi kitakuwa cheusi na hilo lisiwashtue. Siku zikiwa chache, uliza kama anaweza kupewa chuma kwa dripu, maana vidonge huchukua wiki nyingi. Bitiruti ina jambo jingine: hutia choo na mkojo rangi nyekundu, na familia nzima hukimbilia hospitali ikidhani ni damu.

Kisha kuna ule ushauri wa mtaani kwamba saratani inakula sukari, basi mgonjwa anyimwe wanga afe uvimbe. Unaoanza kuisha ni mwili wake. Mgonjwa asiyekula huyeyusha misuli yake kutengeneza sukari ile ile aliyonyimwa.

Utumbo ukiwa umebanwa

Uvimbe unaweza kuziba njia nusu. Dalili zake ni choo chembamba, tumbo kujaa na kunguruma, maumivu yanayokuja na kwenda baada ya kula. Huyu asipewe mboga zenye nyuzi, mahindi ya kuchemsha, maharage yenye maganda, karanga nzima, wala nyama ya chungwa na ngozi zake. Mpe wali laini, sembe, ndizi au viazi vilivyopondwa, mayai, samaki, mtindi, juisi iliyochujwa. Tumbo likivimba na kuwa gumu, akatapika, na hapitishi choo wala hewa, hilo halimalizwi kwa chakula. Aende hospitali muda huo huo, na asipewe dawa ya kumfanya aharishe.

Aliyekaa na njaa muda mrefu

Kuna mgonjwa ambaye kumlisha haraka ni hatari. Ni yule mwenye BMI chini ya 16, au aliyepungua zaidi ya asilimia 15, au ambaye kwa siku zaidi ya 10 hajala kitu cha maana. Mwili uliozoea njaa ukipokea wanga nyingi ghafla, fosfeti, potasiamu na magnesiamu hukimbilia ndani ya seli, damuni zinashuka, na moyo unaweza kusimama. Wa namna hii alishwe hospitalini, akianza na kalori kama 10 kwa kilo kwa siku, akiongezewa taratibu kwa siku 4 hadi 7, akipewa vitamini B1 kabla ya chakula cha kwanza na kupimwa damu kila siku. Ukimhurumia ukampa lita ya uji wa maziwa siku ya kwanza, umemdhuru.

Usiku wa kuamkia upasuaji

Amri ya kutokula wala kunywa kabisa kuanzia saa sita usiku imepitwa na wakati, ingawa bado utaisikia. Kanuni ya sasa ni saa 6 bila chakula kigumu wala maziwa, na saa 2 bila vinywaji visivyo na maziwa wala nyama ya tunda, vile ambavyo ukivitia kwenye glasi unaona upande wa pili. Kama upasuaji ni saa mbili asubuhi, chakula cha mwisho kisivuke saa nane usiku, na maji au chai ya rangi anaweza kunywa mpaka saa kumi na mbili alfajiri.

Hospitali nyingine hutoa kinywaji cha wanga: mililita 800 zenye gramu 100 za wanga jioni, na mililita 400 zenye gramu 50 saa 2 hadi 3 kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Mwili unaoingia umeshiba wanga hausumbuki sana na sukari baada ya kupasuliwa, na mgonjwa hana kiu wala wasiwasi mwingi. Pasipo na kinywaji hicho, uliza kama wanaruhusu chai ya rangi yenye sukari. Mwenye kisukari, anayetapika au ambaye utumbo umeziba hafuati saa hizi. Mtaalamu wa usingizi ndiye atakayempangia.

Kosa la kawaida hutokea asubuhi yenyewe. Zamu inasogezwa kutoka saa mbili hadi saa nane mchana, na hakuna aliyekumbuka kumwambia mgonjwa kwamba anaweza kunywa. Anakaa saa nyingi kinywa kikavu. Ukisikia zamu imesogea, muulize muuguzi hapo hapo: "Anywe mpaka saa ngapi?"

Baada ya kupasuliwa

Zamani mgonjwa alikaa njaa mpaka apitishe hewa. Leo, kwa upasuaji uliokwenda vizuri, anaanza kuonja maji siku ile ile akishaamka vizuri kutoka nusu kaputi, na chakula laini ndani ya saa 24. Utumbo mwembamba huamka mapema kuliko utumbo mpana, na hewa si kipimo kizuri cha kwamba yuko tayari. Hata hivyo neno la mwisho ni la daktari aliyefungua tumbo, kwa sababu yeye ndiye aliyeuona ule mshono.

Siku ya kwanza mkalishe wima na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Anza na vijiko vichache vya uji laini, mtindi au supu iliyosagwa, mililita 100 hadi 150 kila baada ya saa mbili. Usitafute gramu 80 za protini siku hiyo. Nusu yake inatosha, na lengo lifikiwe siku ya tatu au ya nne. Atafune chingamu mara tatu kwa siku, kwani kutafuna huuzindua utumbo hata kama hajameza kitu. Na atembee. Misuli haijengwi na chakula peke yake.

Acha kumlisha na umwite muuguzi ukiona tumbo linajaa, kwikwi isiyokoma, au matapishi ya kijani. Utumbo umelala, huenda akawekewa mpira puani kutoa maji ya tumboni. Ukimlazimisha kula hapo, atatapika na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Homa, mapigo ya moyo kwenda mbio na maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa kati ya siku ya 3 na ya 7, yanaweza kuwa mshono unavuja. Hilo ni la dharura hata kama jana alikula vizuri. Akishindwa kabisa kufikia nusu ya mahitaji yake kwa zaidi ya wiki, lishe ya mpirani, na utumbo ukigoma lishe ya mshipani, zina nafasi yake. Dripu ya kawaida ya maji ya sukari si chakula: lita 1 ya asilimia 5 ina gramu 50 tu za sukari, chini ya kalori 200, na protini hakuna.

Mwenye mfuko tumboni

Wengine hufunguliwa tundu tumboni ili kinyesi kitokee hapo na kuingia kwenye mfuko. Uliza jina la tundu hilo, kwa sababu lishe yake inategemea hapo. Kolostomi ni ya utumbo mpana. Kinyesi kina umbo, na baada ya wiki chache mgonjwa hula karibu kila kitu, akichunga vinavyoleta gesi kama maharage, vitunguu na soda.

Ileostomi ni ya utumbo mwembamba na inataka uangalifu zaidi. Kinachotoka ni kama uji, na kinatoka na chumvi nyingi. Kwa wiki za mwanzo, kila unapoumwaga mfuko mimina vilivyomo kwenye jagi lenye vipimo, na jioni uandike jumla ya siku. Ikizidi lita 1.5, mgonjwa anakauka. Hapo watu hukosea kwa nia njema: wanampa maji mengi zaidi. Maji matupu yakifika utumbo mwembamba huvuta chumvi kutoka mwilini, mfuko unajaa zaidi na kiu inaongezeka. Madafu nayo hayafai kuchukua nafasi ya chumvi, kwa kuwa yana potasiamu nyingi na sodiamu haba. Mpe ORS, pakiti 1 kwa lita 1 ya maji safi, anywe kidogo kidogo siku nzima, upunguze maji matupu, chai na soda, uongeze chumvi kwenye chakula, na umwone daktari siku hiyo hiyo. Kizunguzungu, mkojo mchache wa rangi nzito na kukakamaa kwa misuli ni dalili za kutosubiri kesho.

Vinavyokaza choo ni wali, ndizi mbivu, viazi, ugali na siagi ya karanga. Kwa wiki 6 hadi 8 za mwanzo aepuke bisi, mahindi ya kuchoma, vipande vya nazi, uyoga, makapi ya chungwa na mua, maana hukusanyika na kuziba tundu. Baadaye arudishe kimoja kimoja, siku mbili tatu kila kimoja, akitafuna sana. Na Ramadhani ikikuta mtu ana ileostomi mpya, asijitie ushujaa: mgonjwa ana ruhusa ya kufungua, na mwili wake hauna akiba ya maji ya kumfikisha magharibi.

Nyumbani, na dawa za saratani

Mpime uzito siku moja kila wiki, asubuhi, nguo zile zile, andika. Kama uzito unaendelea kushuka mwezi mmoja baada ya kutoka hospitali, rudi kwa mtaalamu wa lishe bila kungoja tarehe ya kliniki. Aliyeondolewa sehemu kubwa ya puru (mwisho wa utumbo mpana) atakwenda choo mara nyingi kwa miezi kadhaa. Milo midogo na kupunguza mafuta, pilipili na kahawa husaidia.

Kemotherapi ikianza, mambo mawili ya jikoni yabadilike. Akipewa oxaliplatin, maji ya friji yanaweza kumshtua kooni na kumfanya ahisi hapumui, na kushika chupa ya baridi kunachoma vidole. Kila kitu kiwe vuguvugu kwa siku kadhaa baada ya kila dozi. Na akipewa vidonge vya capecitabine, mtajie daktari kila kidonge cha damu kilicho nyumbani. Vile vya chuma vinavyotolewa kliniki ya wajawazito, FEFO, vina foliki asidi ndani yake, na foliki asidi huzidisha ukali wa capecitabine: kuharisha, vidonda vya mdomo, ngozi kubabuka viganjani. Anayehitaji chuma apewe chuma peke yake.